Marekani 'haikuwa na upande', lakini fuata pesa

Kidato cha nne ulifunzwa hivi: Gavrilo Princip alimpiga risasi mrithi wa ufalme wa Austria-Hungary pale Sarajevo, Juni 28, 1914, dunia ikawaka. Ukapata alama zako. Ila risasi ilikuwa kiberiti tu. Petroli ilishamwagwa kitambo: miungano ya kijeshi, mashindano ya manowari, ugomvi wa makoloni.

Sasa niambie, Marekani iliingiaje? Rais Woodrow Wilson alisema hawana upande, na 1916 akachaguliwa tena kwa sifa ya kuwaepusha watu wake na vita. Sawa. Lakini benki za New York zilikuwa zimekopesha Uingereza, Ufaransa na wenzao zaidi ya dola bilioni 2. Ujerumani ikaachiwa vijisenti. Huyo ndiye refa?

Ujerumani nayo ikajichoma. 1915 nyambizi yake ilizamisha Lusitania, wakafa karibu watu 1,200, wakiwemo Wamarekani 128. Wilson akalalamika tu. Februari 1917 nyambizi zikaanza kuzamisha meli bila kuchagua. Tena kabla ya hapo waziri Arthur Zimmermann alikuwa ametumia Mexico telegramu: Marekani ikiingia vitani tuungane, mtarudishiwa Texas, New Mexico na Arizona. Waingereza wakainasa. Si angekana tu? Jamaa akakiri hadharani ni yake!

Aprili 6, 1917, Bunge la Marekani likapiga kura, vita vikatangazwa. Mwaka huo huo, hapa kwetu, wanaume walikuwa wakikamatwa vijijini wakabebee Waingereza mizigo kwenye Carrier Corps, lile jina tunaloita Kariakor. Hao hawakupigiwa kura yoyote.