Presha iko sawa, moyo bado unakwenda mbio

Alipimwa presha mara tatu ndani ya mwezi mmoja na mara zote akaambiwa iko sawa. Kipimo cha moyo nacho hakikuonyesha tatizo. Lakini mama huyo wa watoto watatu, muuza mitumba jijini Dar es Salaam, aliendelea kuamka usiku wa manane moyo ukimwenda mbio, mikono ikitetemeka na kifua kikimbana. Alishaanza kumwonyesha binti yake mkubwa mahali anapoweka kadi ya benki, iwapo lolote litatokea.

Aliyemfungua macho ni muuguzi aliyemuuliza swali dogo tu: hali hiyo humjia siku gani? Hakuwa na jibu. Akashauriwa atafute daftari na kuandika kila inapotokea: siku, saa, alikuwa anafanya nini, anawaza nini, amekunywa nini. Baada ya wiki tatu daftari lilijieleza lenyewe. Karibu mara zote ilikuwa usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi. Na Alhamisi ndiyo siku ya marejesho.

Mkopo wenyewe ulikuwa wa zile ambazo mtaani huitwa kausha damu. Aliuchukua bila mumewe kujua.

Ubongo unapohisi hatari, huamuru mwili umwage homoni ya adrenalini. Moyo hupiga haraka ili kusukuma damu kwenye misuli, pumzi huongezeka, tumbo huvurugika. Maandalizi hayo ni ya kumkimbia mnyama mkali. Anayedaiwa amelala kitandani, hana pa kukimbilia, hivyo anaanza kuusikiliza moyo wake na kudhani unasimama. Hofu ya kufa inapanda juu ya hofu ya deni, na mapigo yanazidi.

Lugha yetu nayo inachangia kuficha jambo hili. Mtu husema ana "presha" au ana "mawazo", na mazungumzo yanaishia hapo, wakati neno moja limebeba deni, ndoa, ada ya shule na ugonjwa wa mzazi. Zimbabwe wana neno kama hilo, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Huko, tangu 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amekuwa akiwafunza bibi kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Mgonjwa hutaja matatizo yake yote, kisha huchagua moja la kuanza nalo.

Kutaja huko si porojo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Matthew Lieberman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ulionyesha kuwa mtu anapoipa hisia jina, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu hupunguza kazi yake.

Hata hivyo, kujichunguza kuna mpaka. Anayejishika mapigo kila baada ya dakika kumi hajitambui, anajitisha. Daftari huandikwa, hufungwa, na mtu huendelea na shughuli zake. Wakati hali imepanda, kuvuta pumzi taratibu na kuitoa kwa muda mrefu zaidi ya ulivyoivuta husaidia kuutuliza moyo. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vinaweza kuyazidisha mapigo hayo, ndiyo maana navyo huandikwa.

Na daftari halichukui nafasi ya hospitali. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi na upungufu wa damu pia huufanya moyo kwenda mbio, kwa hiyo vipimo ndivyo vinavyotangulia. Wasiwasi unaodumu kwa miezi, unaomzuia mtu kulala au kufanya kazi, ni ugonjwa unaotibika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa nao. Mwenye mawazo ya kutaka kufa asisubiri hata siku moja.

Mama yule alimweleza mumewe Jumapili, watoto wakiwa wamelala. Mume alikasirika, siku mbili hakumsemesha. Siku ya tatu akauliza zimebaki rejesho ngapi. Zilikuwa tisa.

Jumatano iliyofuata moyo ulikwenda mbio tena. Akaandika: saa nane na dakika ishirini, nawaza kesho. Akanywa maji, akarudi kulala.