Sinema ya Kiassam, 2019: Filamu Nne Ndani ya Miezi Mitatu

Wengi wetu tukisema "picha la Kihindi" tunakuwa na kitu kimoja kichwani: steringi hafi, nyimbo ni sita, mama analia, na mwishoni majambazi wanakiona cha moto. Lakini India haina sinema moja. Nyingi ya zile tulizokua nazo zimetengenezwa Mumbai, kwa lugha ya Kihindi. Zipo pia za Kitamil, Kitelugu, Kimalayalam na Kibengali. Na kule kaskazini mashariki, jirani na Bhutan na Bangladesh, jimbo la Assam, maarufu kwa chai, lina sinema yake kwa lugha ya Kiassam.

Kwa viwango vya India lugha hii ni ndogo. Sensa ya 2011 ilihesabu watu milioni 15 hivi wanaoizungumza kama lugha yao ya kwanza. Chini ya Waingereza, kuanzia 1836 hadi 1873, mahakama na shule za Assam zilitumia Kibengali, na Waassam hawajasahau. Ndiyo maana Jyoti Prasad Agarwala, mshairi wa familia ya wenye mashamba ya chai, alipojenga studio shambani na kutoa Joymoti mwaka 1935, filamu ya kwanza ya Kiassam, lilikuwa jambo kubwa kuliko burudani.

Sasa tuje 2019. Septemba iliingia Kanchanjangha ya Zubeen Garg, mwanamuziki aliyependwa kuliko wote Assam, ambaye hapa ni mwongozaji na mwigizaji pia. Hadithi yake inahusu ajira za serikali kuuzwa kwa rushwa. Watazamaji hawakuhitaji maelezo, kwa sababu miaka michache nyuma kashfa ya namna hiyo ilikuwa imelipuka kwenye tume ya ajira ya jimbo lao. Kijana aliyemaliza chuo na kuzunguka na bahasha ya vyeti alijiona pale kwenye skrini.

Msimu huohuo ikaingia kumbini Bulbul Can Sing ya Rima Das. Huyu dada alienda Mumbai kutafuta uigizaji, akaishia kujifundisha kamera mwenyewe. Filamu zake anaziandika, anazipiga na kuzihariri yeye, kijijini kwao, na waigizaji wake ni watu wa palepale. Wahusika ni vijana watatu wa sekondari. Mmoja ni mvulana anayetaniwa kwa kuwa "kama mwanamke". Siku moja wanafumaniwa porini na wanaume wanaojifanya walinzi wa maadili. Wanapigwa, shule inawafukuza, na aibu inayofuata inagharimu uhai. Berlin iliipa filamu hii tuzo ya kutajwa kwa heshima katika kundi la filamu za vijana, na India ikaitangaza kuwa filamu bora ya Kiassam.

Oktoba ikaja Ratnakar ya Jatin Bora, mwongozaji na steringi mwenyewe. Hii ni ya ngumi na machozi, watu wanapiga miluzi ukumbini, na iliuza vizuri sana. Kuelewa kwa nini, lazima ujue ukumbi wa kuhama. Tangu 1963 vikundi vya maigizo Assam vinatembea na jukwaa, mahema na taa kutoka mji hadi mji kwa miezi mingi ya mwaka. Bora amecheza humo kwa miaka. Watu wa vijijini walishamwona kwa macho yao kabla hawajamwona kwenye bango.

Novemba ikafunga na Aamis ya Bhaskar Hazarika. Maana ya jina ni nyama. Mwanafunzi wa PhD anayetafiti vyakula vya nyama anazoeana na daktari wa watoto, mke wa mtu. Hawagusani kabisa, wanakula tu pamoja, nyama moja baada ya nyingine, hadi nyama za kawaida zinaisha. Mwisho wake sisemi. Usiitazame ukiwa umetoka kantini.

Ukizipanga hizi nne utaona tatizo halikuwa vipaji. Tatizo ni kumbi. Assam ina watu zaidi ya milioni 30, na kumbi zake za sinema hazikuwa zinafika 100. Kerala, yenye idadi ya watu inayokaribiana na hiyo, ina mamia ya skrini. Kumbi hizo chache zinagombewa pia na filamu kubwa za Mumbai. Steringi mwenye mashabiki wake anaweza kupenya. Msanii wa kijijini anaweza kupigiwa makofi Berlin huku mtu wa wilaya ya jirani hana pa kumwona.

Desemba mambo yalibadilika kabisa. Bunge la India lilipitisha sheria ya kurahisisha uraia kwa wahamiaji wasio Waislamu kutoka Bangladesh, Pakistan na Afghanistan. Waassam wengi waliogopa kuzidiwa idadi kwao, lugha yao imezwe. Umoja wa wanafunzi wa Assam, AASU, uliongoza maandamano. Guwahati iliwekwa amri ya kutotoka nje, intaneti ikakatwa, watu kadhaa wakauawa kwa risasi. Zubeen Garg alipanda jukwaa la waandamanaji. Jatin Bora, aliyekuwa mwanachama wa chama tawala, alijitoa. Msanii ambaye wateja wake wote ni wasemaji wa lugha moja hawezi kukaa pembeni lugha hiyo inapoona hatari.

Zubeen alifariki Septemba 2025. Filamu yake ya mwisho, Roi Roi Binale, ilipotoka Oktoba 31, maonyesho yalianza alfajiri, na kumbi bado zilikuwa chache. Kwa hiyo wewe unayesomea filamu, fasihi au mawasiliano, ukitaka kujua hali ya sinema ya lugha yoyote, usihesabu tuzo peke yake. Uliza pia mtu wa kawaida anatembea kilomita ngapi hadi afike kwenye skrini inayoongea kama yeye.