Teknolojia: Akili bandia ipi inamfaa mwandishi wa programu? Mambo manne ya kupima kabla ya kulipa

GitHub Copilot, ChatGPT, Claude, Cursor: majina ni mengi. Kwa kijana wa Goma, Bukavu ao Lubumbashi anayeishi kwa kuandika programu za kompyuta, kuchagua vibaya kunaweza kumpotezea pesa, na hata mteja.

Kwanza, bei. GitHub Copilot ilifunguliwa kwa watu wote Juni 2022, kwa dola 10 kwa mwezi. Tangu Desemba 2024 ina pia sehemu ya bure yenye mipaka. ChatGPT Plus na Claude Pro ni dola 20 kwa mwezi. Kwa kawaida malipo yanataka kadi, na mjini Goma benki zilifunga milango kwa sababu ya vita vya Januari 2025. Mwenye pesa kwenye simu peke yake atafute njia ya kulipa kabla ya kuzoea chombo.

Pili, intaneti. Vyombo hivyo vinategemea mashine za mbali: mtandao ukikatika, msaada nao unakatika. Programu ya Ollama inakuwezesha kupakua modeli kama Qwen2.5-Coder na kuitumia ndani ya kompyuta yako bila intaneti. Lakini inataka mashine yenye nguvu, na modeli ndogo hukosea zaidi kuliko zile kubwa.

Tatu, siri ya mteja. Unachobandika kwenye chombo cha mtandaoni kinatoka mikononi mwako. Ukitengeneza programu ya zahanati, majina ya wagonjwa na namba zao za simu yasiende huko. Sheria ya kidijitali ya DRC, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda data za watu binafsi.

Nne, kazi yenyewe. Mwaka 2025, shirika la utafiti METR la Marekani liliwapima waandishi wa programu 16 wenye uzoefu. Walipotumia akili bandia walichukua muda zaidi kwa asilimia 19, huku wenyewe wakiamini kwamba wameharakisha.

Basi usitegemee sifa za watu. Chukua kosa moja ulilokwisha kulirekebisha, lipe kila chombo kwenye sehemu yake ya bure, kisha hesabu dakika, pamoja na zile za kusahihisha. Baki na kile kinachokupa msimbo unaoweza kuusoma na kuueleza mstari kwa mstari. Programu ikianguka siku ya mishahara, mteja atakupigia simu wewe.