Watu 150, watu 8 na bei ya kilo moja

Bweranyange, makao ya zamani ya watawala wa Karagwe, iko karibu mno na ikweta: ardhi yake huzunguka na dunia kwa takribani mita 465 kwa sekunde. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupata kasi hiyo bure. Kituo cha Wallops, Marekani, hutoa kama 367, pungufu kwa asilimia 21.

Hesabu hiyo iliwavuta Waitalia hadi pwani ya Malindi. Kati ya 1967 na 1988 satelaiti 9 ziliruka kutoka jukwaa la San Marco kwa roketi ya Scout. Mfumo wa uongozaji, yaani vifaa na watu wa kuikagua roketi na kuirusha, ulikaa kwenye jukwaa jirani, Santa Rita, nyaya zikipita chini ya bahari. Angani, Scout ilifuata migeuko ya mwelekeo iliyopangwa kabla. Kipande chake cha nne kilitulia kwa kuzungushwa tu, kama pia.

Baadaye kazi ya ukaguzi ilianza kupewa kompyuta: Japani ilirusha roketi ya Epsilon mwaka 2013 kwa watu 8 badala ya takribani 150. Punguzo ni asilimia 95, ila wanaohesabiwa ni wa chumba cha kurushia. Walioandika programu hawamo. Jaribio la kuirusha Agosti mwaka huo lilisitishwa na kompyuta sekunde 19 kabla ya kuruka, kisa tofauti ya sekunde 0.07 katika kupokea data.

Sasa fedha. M-V, roketi iliyotangulia, iligharimu kama yeni bilioni 7.5, Epsilon bilioni 3.8. Tukichukulia yeni 1 ni shilingi 16 za Tanzania, ni shilingi bilioni 120 dhidi ya 60.8: punguzo la asilimia 49.

Lakini M-V ilibeba kama tani 1.8, Epsilon 1.2. Kilo moja ilitoka shilingi milioni 66.7 hadi 50.7. Punguzo halisi ni asilimia 24.

Je, punguzo hilo ni kazi ya kompyuta? Tuwape wale 142 walioondolewa shilingi milioni 10 kwa mwezi, miezi miwili (kiwango ni changu): bilioni 2.84. Hiyo haifiki asilimia 5 ya tofauti ya bilioni 59.2.

Na Bweranyange? Kasi ipo. Ila kompyuta hata iwe hodari vipi, vipande vilivyokwisha kuungua lazima vianguke, na ukielekea mashariki kutoka hapo unapita jirani na Bukoba, Musoma, kisha Nairobi.