Kasta: Kipimo Kinachosahaulika Gari Linaponyanyuliwa

Land Cruiser iliyonyanyuliwa na kuvishwa matairi makubwa haionyeshi ugonjwa wake porini. Kwenye tope na mawe dereva huzungusha usukani muda wote, na hakuna anayetegemea gari lijinyooshe lenyewe. Ugonjwa hujitokeza kwenye lami. Gari likishatoka Serengeti, likapita Karatu na Mto wa Mbu, likaishika barabara ya Makuyuni kwenda Arusha, mwendo ukafika kilomita 80 kwa saa, ndipo dereva anaposhindwa kulituliza. Anasahihisha kulia, linapitiliza. Anarudisha kushoto, linapitiliza tena. Saa mbili za namna hiyo zinamchosha kuliko siku nzima ya mashimo, na lori likimpita kwa kasi akiwa amechoka hivyo, kosa dogo linatosha kumwingiza upande wa pili wa barabara. Akifika gereji, mara nyingi hufanyiwa mambo matatu: skrubu ya boksi la stelingi inakazwa, dampa ya usukani inabadilishwa, na tairodi endi zinawekwa mpya. Wiki moja baadaye gari linayumba kama mwanzo, au linayumba zaidi. Hoja yangu ni kwamba fedha hizo zimetangulia pasipotakiwa. Gari lililonyanyuliwa limebadilishwa pembe kabla hata ya kuchakaa kifaa chochote, na pembe inayodhurika kuliko zote ni kasta. Fundi asiyeipima anatibu dalili.

Kuyumba kutenganishwe kwanza na magonjwa mawili yanayofanana nako. Gari linalovuta upande mmoja tu lina sababu ya upande mmoja: tairi lenye upepo mdogo, breki inayong'ang'ania, tairi lililoharibika ndani. Gari ambalo usukani wake unatetemeka kwa nguvu baada ya kupita kwenye bonde au daraja, mpaka dereva alazimike kupunguza mwendo, lina ulegevu, na hapo bushi za fimbo ya panhard, beringi za kingpini na usawazisho wa matairi ndivyo vya kushukiwa. Kuyumba ni kitu kingine. Hakuna mtetemo wala upande maalumu. Gari limepoteza hamu ya kwenda moja kwa moja, na kila sentimita ya unyoofu inatoka mikononi mwa dereva.

Hamu hiyo ya kwenda moja kwa moja ina chanzo kinachopimika. Itazame baiskeli kwa ubavu. Mhimili ambao usukani wake huzungukia haukusimama wima. Umelala, upande wa juu ukiegemea kwa mwendeshaji. Ukiunyoosha mstari wa mhimili huo mpaka chini, unagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Maana yake tairi linaburutwa nyuma ya mhimili wake, na kitu kinachoburutwa hujipanga chenyewe kumfuata anayekivuta. Magurudumu ya mbele ya gari yana mhimili wa namna hiyo pia, na mlalo wake kwenda nyuma ndio unaoitwa kasta. Land Cruiser 80, iliyoingia sokoni mwaka 1990, ilitoka kiwandani ikiwa na kasta ya karibu digrii 3. Kwa tairi ambalo nusu ya kipenyo chake ni milimita 400, na tukiacha pembeni mambo madogo ya umbo la ekseli, digrii 3 huliweka tairi karibu milimita 21 nyuma ya mhimili. Kasta ikishuka hadi nusu digrii, umbali huo unabaki milimita 3.5. Gari ni lile lile, boksi la stelingi ni lile lile, ila nguvu ya kasta inayourudisha usukani katikati imebaki chini ya moja ya tano.

Kunyanyua gari kunaiibaje kasta? Land Cruiser 80, ile ya 105, na 78 na 79 tangu mwaka 1999 zina ekseli nzima mbele inayobebwa na springi za koili. Ekseli hiyo inashikwa na mikono miwili inayokwenda nyuma hadi kwenye fremu. Kila mkono umefungwa kwenye ekseli kwa bushi mbili, kwa hiyo ekseli na mkono huzunguka kama kitu kimoja. Kwenye fremu umefungwa kwa bushi moja tu, nayo ndiyo bawaba yake. Springi ndefu zinapoiinua fremu, ncha ya nyuma ya mkono inapanda pamoja nayo, na ekseli inalazimika kupinduka, sehemu yake ya juu ikielekea mbele. Kwa mkono wenye urefu wa mita moja, kuinua milimita 50 kunaipindua ekseli kwa karibu digrii 3. Hiyo ni hesabu ya pembetatu ya kawaida, na matokeo yake ni makubwa mno kupuuzwa: inchi mbili za springi zinaweza kuimaliza kasta yote aliyoiweka mtengenezaji. Anayenyanyua inchi nne bila kurekebisha chochote anaweza kuwa na kasta hasi, yaani gari ambalo magurudumu yake yanataka kujigeuza badala ya kujinyoosha.

Kuna jambo la pili linalowahusu zaidi wenye magari ya utalii, na mafundi wachache hulizungumza. Mikonga ya Arusha iliyorefushwa, yaani Land Cruiser za jamii ya 70, hufungwa springi ngumu nyuma ili zibebe wageni, mizigo, maji na mafuta ya safari nzima. Gari likiwa tupu, springi hizo hazishuki, na mkia unabaki juu. Kwenye gari lenye urefu wa milimita 2,850 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, mkia ukipanda milimita 50 zaidi, fremu inainamia mbele kwa karibu digrii 1, na ekseli ya mbele inainama nayo. Kwa gari ambalo limeshapoteza digrii mbili au tatu, hiyo moja si haba. Ndiyo maana dereva anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba gari lilikwenda vizuri na wageni, likamsumbua alipokuwa akirudi peke yake. Fundi akilipima likiwa na mzigo, ataona tatizo dogo kuliko lilivyo. Lipimwe tupu, kisha lipimwe na mzigo, na marekebisho yafuate hali mbaya zaidi kati ya hizo mbili.

Wapo watakaonipinga kwa ushahidi wa macho yao: gari limenyanyuliwa mwaka mzima, limeanza kuyumba mwezi huu, basi kilichoharibika ni boksi au bushi, si springi. Pingamizi hili lina uzito na sitaki kulipita haraka. Ni kweli kwamba kuna kitu kimechakaa. Lakini gari lenye kasta kamili huvumilia ulegevu mdogo, kwa sababu tairi lenyewe linavuta viungo vyote upande mmoja na kuyaziba mapengo. Kasta ikiondoka, kila pengo linaonekana usukanini. Gari lililonyanyuliwa likiwa na bushi mpya na tairodi ngumu linaweza kwenda vizuri kwa muda, kisha uchakavu ambao gari la kawaida lingeuficha miaka mingi ukalifikisha gereji. Ukibadilisha bushi peke yake, umenunua miezi. Vilevile ukirekebisha kasta huku bushi zimekufa, mashine ya alaimenti itakupa pembe ya wakati huo tu, na ekseli itahama ukikanyaga breki. Kwa hiyo ulegevu unatangulia kuondolewa na pembe zinafuata, lakini hakuna kati ya kazi hizo mbili inayoisamehe nyingine.

Pingamizi jingine hutoka kwa wapimaji wa alaimenti wenyewe. Mashine inapima kasta, inaiandika kwenye karatasi, tena pengine kwa rangi nyekundu, halafu mteja anaambiwa kwamba kwenye ekseli nzima hairekebishiki. Ni kweli kiwanda hakikuweka bolti ya kuigeuza. Si kweli kwamba haina dawa. Kuna bushi ambazo tundu lake limetobolewa kando ya katikati, zinafungwa mahali pa zile za ekseli na kurudisha digrii mbili hivi. Zinatosha kwa magari mengi yaliyonyanyuliwa inchi mbili. Zaidi ya hapo kuna mabano ya kuishusha ncha ya mkono kwenye fremu, na kuna mikono iliyotengenezwa upya kwa pembe iliyokwisha kusahihishwa. Njia nisiyoikubali kabisa ni kuikata mikono ya kiwandani na kuichomelea tena uani. Mikono hiyo ndiyo inayoishika ekseli ya mbele wakati wa breki, na kiungo kilichochomelewa vibaya hakitoi onyo kabla ya kukatika.

Na dampa? Aliyefunga dampa mpya akaona nafuu hajadanganyika. Usukani umekuwa mzito kidogo na mitikisiko imepungua. Lakini dampa hupinga mwendo tu, wa kwenda kombo na wa kurudi katikati kwa usawa. Haina namna ya kujua mbele ni wapi. Kukaza skrubu ya boksi ni kubaya zaidi, na hapa nawasihi mafundi. Skrubu ile imewekwa kurekebisha ulegevu mdogo wa meno katikati ya mzunguko. Ikikazwa kupita kiasi, meno yanabana hasa pale pale katikati, usukani unashindwa kurudi wenyewe, na dereva anapata kuyumba kwa aina mpya juu ya kule kwa zamani. Boksi ni ghali, na lililotafunwa hivyo halirudi kuwa zima.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji vifaa vingi. Upepo wa matairi upimwe yakiwa ya baridi, na yale ya mbele yabadilishane na ya nyuma kwa jaribio moja barabarani. Matairi ya tope yenye vibonge virefu hucheza yenyewe, na ugonjwa ukihama pamoja nayo umepata jibu bila gharama. Kisha gari likiwa chini kwa uzito wake wote, injini ikiwaka ili pampu ya stelingi ifanye kazi, msaidizi atikise usukani kidogo kidogo kulia na kushoto, huku fundi akiwa chini ameweka kiganja juu ya kila kiungo kwa zamu. Gari lizuiwe magurudumu kwa magogo na breki ya mkono ivutwe. Kiganja kinahisi pengo ambalo jicho halilioni. Fimbo ya panhard ndiyo inayosahaulika mara nyingi: bushi yake ikilegea, ekseli nzima inahama kando kabla magurudumu hayajageuka. Atazame pia kama boksi linatikisika kwenye fremu, au fremu imeanza kupasuka pale lilipofungwa. Baada ya hapo mbele painuliwe kwa jeki na stendi, fimbo za usukani zifunguliwe, na kila gurudumu ligeuzwe kwa mkono. Likigoma katikati kama linalotumbukia kwenye kijishimo, beringi za kingpini zimechimbika, na gurudumu la namna hiyo haliwezi kujirudisha hata kasta ikiwa sahihi. Nyuma nako pasisahauliwe, kwani bushi za springi au za mikono zikifa, ekseli ya nyuma inaligeuza gari bila usukani kuguswa. Yote hayo yakiwa salama, au yakishatengenezwa, ndipo gari liende kwenye mashine.

Marekebisho yana gharama yake, na anayeyauza bila kuitaja hamtendei haki mteja. Ekseli ikipinduliwa kurudisha kasta, pua ya difu inashuka, na pembe ya propela shafti ya mbele inaongezeka. Kwenye Land Cruiser 80 nyingi, ambazo propela hiyo huzunguka wakati wote, hali hiyo inaweza kuleta mvumo kwenye mwendo. Kwenye 79 yenye habu za kufungua, haisikiki mpaka utie nne kwa nne. Kadiri unavyonyanyua zaidi ndivyo kasta na propela zinavyogombania pembe ile ile moja, nayo ndiyo sababu ninayoipa uzito kuliko zote ya kutopita inchi mbili kwa gari linalofanya kazi ya barabarani. Tahadhari nyingine inahusu fimbo ya panhard na fimbo inayotoka kwenye boksi. Mbili hizo zinapaswa kwenda sambamba. Anayeishusha moja na kuiacha nyingine anaunda gari linalojigeuza kila springi inapobonyea, na kasta ya digrii 5 haitaliponya.

Hayo yote nimeyasema kuhusu ekseli nzima yenye koili. Mikonga ya kabla ya 1999, yenye springi za majani mbele, haipotezi kasta kwa njia hiyo. Huko wa kuulizwa kwanza ni shako ndefu zilizofungwa kwa kunyanyua kwa bei rahisi, na kabari za chuma chini ya springi ndizo dawa. Prado na Hilux zenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea nazo hupoteza pembe, ila zina bolti za kurekebishia. Zikifika mwisho kabla kasta haijatosha, mikono ya juu ndiyo ya kubadilishwa.

Ukienda kunyanyua gari lako, dai karatasi ya alaimenti ya kabla ya kazi na nyingine ya baada yake, na usome mstari wa kasta kwenye zote mbili kabla hujalipa.