Kabla ya kubadilisha diski ya ordinateri ya kanisa

Ordinateri ya ofisi yetu ilikuwa nzito sana, na wengine wakasema tununue nyingine. Tulibadilisha diski tu.

Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, mara nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachosoma juu yake. Ikitikiswa ikiwa inafanya kazi inaweza kuharibika, nasi tunazijua barabara zetu. SSD haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo mashine inawaka haraka zaidi. Nyingi za zamani zinapokea SSD ya inchi 2.5 aina ya SATA. Nyingi za sasa zinatumia M.2. Fundi aangalie kwanza, ndipo mnunue.

Lakini sisi tulikosea: fundi alifuta diski ya zamani kabla hatujanakili, na orodha ya wabatizwa ya mwaka mzima ikapotea. Tuliiandika upya kutoka daftari la mzee mmoja wa kanisa, ambaye hajawahi kuamini mashine. Msifute kitu mpaka kila faili limefunguka kwenye diski mpya. SSD nayo hufa, pengine bila kelele ya kuonya. Leo nakala yetu moja iko ofisini, nyingine nyumbani kwa mweka hazina.