Mutombo: Mlinzi Mrefu Aliyemjengea Mama Yake Hospitali

Mama mpenzi, kama una kijana anayecheza mpira wa kikapu, huenda umewahi kumwona akizuia mpira wa mwenzake, kisha akatikisa kidole kushoto na kulia kama mzazi anayemkanya mtoto asiguse sufuria ya moto. Pengine kijana mwenyewe hajui ishara hiyo ilienezwa na nani. Sisi tuliokuwa mashabiki wa Dikembe Mutombo tunajua. Tena tunapenda kuwasimulia wenzetu, kwa sababu habari za mtu huyu hazikuishia uwanjani. Zinafika hadi mlangoni pa hospitali, mahali ambapo sisi wauguzi tunapafahamu vizuri.

Mtoto wa Kinshasa

Dikembe alizaliwa tarehe 25 Juni 1966 mjini Kinshasa, katika familia ya watoto wengi. Baba yake, Mzee Samuel, alikuwa mtu wa elimu. Mama yake aliitwa Biamba Marie. Utotoni Dikembe alipenda kandanda na alikuwa golikipa. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa tayari kijana mkubwa.

Mwaka 1987 alikwenda Marekani kwa msaada wa masomo, akaingia Chuo Kikuu cha Georgetown mjini Washington. Nia yake ilikuwa kusomea udaktari ili arudi kuwatibu watu wa kwao. Lakini kijana wa futi 7 na inchi 2 hawezi kujificha, na kocha wa chuo, John Thompson, alimwita uwanjani. Alipohitimu mwaka 1991 alikuwa amesomea isimu ya lugha na diplomasia. Watu waliomfahamu walistaajabia wingi wa lugha zake. Zilikuwa tisa, na Kiswahili kikiwa mojawapo.

Kazi ya kuzuia

Mwaka huohuo wa 1991 timu ya Denver Nuggets ilimchukua katika ligi kuu ya Marekani, NBA. Alicheza kama senta, yaani yule mchezaji mrefu anayelinda karibu na kikapu. Hakuwa mfungaji mkubwa. Katika michezo 1,196 ya ligi, wastani wake haukufika pointi 10 kwa mchezo. Sifa yake ilikuwa kuzuia. Alizuia mitupo 3,289, na katika hesabu za NBA ni Hakeem Olajuwon peke yake, mzaliwa wa Nigeria, aliyemzidi kwa mitupo yake 3,830. Kila akizuia, kidole kilipanda juu. Baadaye waamuzi walianza kumwadhibu akimtikisia mpinzani usoni, naye akajifunza kuwageukia watazamaji na kuwatikisia wao!

Mashabiki wa Mutombo wakikutana hawaachi kuutaja mwaka 1994. Denver iliingia hatua ya mtoano ikiwa ya nane, yaani ya mwisho kabisa, kwenye kundi la Magharibi. Ilipangwa na Seattle SuperSonics iliyoshika nafasi ya kwanza. Atakayetangulia kushinda michezo mitatu ndiye angeendelea. Seattle ikashinda miwili ya mwanzo, na wengi wakadhani mambo yamekwisha. Denver ikashinda mitatu iliyofuata. Mchezo wa mwisho ulipomalizika, tarehe 7 Mei 1994, Mutombo alijilaza chali sakafuni, mpira ameukumbatia kwa mikono miwili juu ya kichwa, uso umejaa furaha. Katika michezo hiyo mitano alizuia mitupo 31. Kabla ya siku hiyo, timu ya nane haikuwahi kuitoa timu ya kwanza.

Alichezea pia Atlanta, Philadelphia, New Jersey, New York na Houston, jumla misimu 18. Mara nne alichaguliwa mlinzi bora wa ligi: mwaka 1995, 1997, 1998 na 2001. Ubingwa hakuupata, ingawa alifika fainali mwaka 2001 na 2003. Mwaka 2009 aliumia goti na kustaafu, na mwaka 2015 jina lake liliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa mchezo huo.

Akina mama, kazi ya namna hiyo sisi tunaielewa. Mtoto akichanjwa surua na asiugue, hakuna anayepiga makofi. Maji yakichemshwa na nyumba nzima isiharishe, hakuna anayeandika pointi. Mutombo alisifiwa kwa mabaya aliyoyazuia yasitokee, na hilo ni jambo la nadra duniani.

Usiku wa Mama Biamba

Lakini lipo moja ambalo hakuweza kulizuia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi yake ilikuwa katika vita, na Kinshasa ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Mama Biamba Marie aliugua ghafla akiwa nyumbani. Njia zilikuwa zimefungwa na hospitali haikufikika. Akafia pale pale nyumbani.

Hebu tufikiri kidogo. Wakati ule mwanawe alikuwa akilipwa mamilioni ya dola. Angeweza kumlipia mama yake daktari yeyote duniani. Hata hivyo, fedha zilizokuwa Atlanta hazikuweza kufungua njia ya Kinshasa usiku ule.

Mutombo alikuwa ameshaanza kuwasaidia watu wa kwao. Mwaka 1996, timu ya wanawake ya Zaire ilipokwenda kwenye Michezo ya Olimpiki mjini Atlanta, yeye ndiye aliyewalipia sare na gharama zao. Mwaka 1997 alianzisha mfuko wa misaada. Baada ya kifo cha mama, kazi kubwa ya mfuko huo ikawa kujenga hospitali. Ilijengwa Masina, mtaa wenye watu wengi pembeni mwa Kinshasa, na kupewa jina la Biamba Marie Mutombo. Ilizinduliwa mwaka 2006 na kuanza kupokea wagonjwa mwaka 2007, ikiwa na vitanda 300. Iligharimu takriban dola milioni 29, na zaidi ya nusu zilitoka mfukoni mwake. Hivyo kijana aliyekosa kuwa daktari aliwapa madaktari na wauguzi wa kwao mahali pa kufanyia kazi.

Nyumbani kwake pia alijulikana kwa moyo huohuo. Yeye na mkewe Rose walilea watoto wao watatu pamoja na wanne wa kaka za Rose waliofariki. Jina la baba yake nalo alilipa shule, karibu na Mbuji-Mayi. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Mutombo hakuiacha asili yake.

Mwaka 2022 familia yake ilitangaza kuwa anatibiwa uvimbe kwenye ubongo. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na umri wa miaka 58.

Nasi tufanye nini?

Wengi wetu hatutajenga hospitali. Lakini usiku kama ule wa Mama Biamba unaweza kuifikia nyumba yoyote, hata pasipo vita. Sisi wauguzi tunafundishwa kwamba mgonjwa hucheleweshwa mahali patatu: nyumbani watu wanaposita kuamua, njiani kwa kukosa usafiri, na hospitalini kabla ya kuhudumiwa. Mawili ya kwanza tunaweza kuyapunguza sisi wenyewe.

Usisubiri asubuhi kama mjamzito anatoka damu, anaumwa sana kichwa na kuona ukungu, au ameshikwa na kifafa. Usisubiri kama mtoto mchanga ameacha kunyonya au ana degedege. Usisubiri kama mtu mzima amepinda mdomo ghafla, mkono umelegea au maneno hayatoki sawasawa. Hicho huenda ni kiharusi, na kila dakika ina thamani.

Jambo la pili, pangeni mapema. Jueni ni kituo gani kinafungua usiku. Wekeni akiba kidogo ya nauli isiyoguswa kwa sukari wala kwa mchango wa harusi. Muwe na namba ya dereva anayekubali kuamshwa usiku, na jirani atakayebaki na watoto. Na baba akiwa safarini, iwe inajulikana kabisa kwamba mama anaweza kuamua mgonjwa aondoke bila kungoja ruhusa ya mtu.

Mazungumzo hayo hayachukui hata nusu saa. Yafanyeni wiki hii, watu wote wa nyumbani wakiwa wazima.